Kakangu ana lava wa tegu ubongoni, nyanya anamlisha viini vya mayai. Nishaurini

Binti_Kisauni:
Assalam aleikum jamani. Kakangu wa miaka 27 alianguka kifafa mchana wa Ramadhani kibandani kwake Kongowea, na hajapata kuanguka maishani. Tulianza na kisomo, tukaishia kwenye picha ya CT: vifuko viwili ubongoni, kimoja kina kidoa katikati. Daktari akasema ni lava (mtoto mchanga wa mnyoo) wa tegu wa nguruwe. Nguruwe! Mama halali, adhani mwanawe alikula haramu kwa siri.

Na mimi kwa kimbelembele changu nikasoma kwenye simu, kwa sauti, kwamba kiini cha yai kina kingamwili (protini za kinga ya mwili) za kutambua ugonjwa huu. Nyanya akasikia "kiini cha yai" tu. Tangu Jumatatu ampa mayai mabichi matatu kila alfajiri. Yanasaidia? Na hicho kipimo Mombasa nikipate wapi?

Mla_Mahamri:
Matatu ya kienyeji, kwa bei hii? Nyanya ampenda huyo.

Wa_Maabara:
Waaleikum salam dadangu. Mayai ya nyanya hayana kitu hicho. Kuku wa kipimo hudungwa kwanza protini za lava. Mwili wake hutengeneza kingamwili, IgY, nazo huingia kwenye kiini. Watu wa maabara huzitoa humo bila kumtoa kuku damu. Kisha hutumiwa kama ndoana: damu ya mgonjwa au maji ya uti wa mgongo yakipitishwa hapo, vipande vya lava vinanasa. Zinatambua, haziponyi. Na ukizila, tumbo linazimeng'enya kama protini nyingine yoyote. Yai bichi huweza kuwa na salmonela, bakteria wa kuharisha, basi nyanya ayachemshe.

Utamu wa njia hii ni kwamba kuku ni ndege, yuko mbali na sisi. Kingamwili zake hazing'ang'anii ovyo vitu vya damu ya binadamu vinavyodanganya vipimo vingine. Pia kipimo cha kawaida hutafuta kingamwili za mgonjwa mwenyewe, nazo hubaki muda mrefu hata lava akishakufa. Ukinasa vipande vya lava, una dalili kwamba yumo na yu hai. Lakini hiyo bado ni kazi ya watafiti, Brazili wameishughulikia, kwa hiyo usizunguke maabara za mtaani ukiiulizia. Tena vifuko vikiwa vichache, damu huweza kuonyesha hamna. Picha mnayo, na kile kidoa ni kichwa cha lava. Hapo daktari hahitaji yai.

Jirani_wa_Likoni:
Kuna mambo mawili. Asiache dawa za kifafa ghafla hata akijiona mzima. Na msimnunulie dawa za minyoo dukani mkampa kienyeji: lava wakifa, ubongo huvimba na kifafa huzidi. Albendazole, dawa ya minyoo, hutolewa pamoja na dawa za kupunguza uvimbe, chini ya jicho la daktari. Kuogelea pia asubiri.

Bahari_Kuu:
Huyo kapandwa na jini, tafuteni mtu.

Binti_Kisauni:
Kisomo chaendelea, na dawa zaendelea. Nisaidieni kuhusu mama.

Wa_Maabara:
Mwambie hivi. Nyama yenye lava isiyoiva humpa mtu tegu wa tumboni. Ubongo hupatwa kwa njia nyingine: kumeza mayai ya tegu yanayotoka kwenye choo cha mtu mwenye tegu, kupitia mikono isiyooshwa, mboga au maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kule New York waliugua Wayahudi wanne washika dini, wasiogusa nguruwe kabisa. Wachunguzi wakawapima wafanyakazi wa nyumbani na kukuta dalili za tegu kwa baadhi yao. Kwa hiyo kakako hana kosa. Pimeni choo nyumba nzima, bila kumnyooshea mtu kidole.

Binti_Kisauni:
Shukran sana. Nyanya amekubali kuchemsha, ila hakubali kupunguza. Mama nimemsomea habari ya New York mara mbili. Ameacha kulia, sasa aulizia ni nani alikuwa akimuuzia kaka chakula cha mchana.