LUN moja seva mbili, A ikiriseti B nayo inaganda?

shangani_net: Wakuu habari za usiku. Niko Mtwara mjini, nina seva mbili zinachukua diski kwa iSCSI (yaani kupitia mtandao) kwenye storeji moja, LUN ileile (diski moja inayotolewa na storeji), juu yake mfumo wa faili wa klasta, ule unaoruhusu seva zote mbili kuitumia pamoja. Jana watu wanaingiza stakabadhi za korosho A ikaanza kuchelewa, sawa, ila B haikuwa na tatizo lolote nayo ikaganda kama nusu dakika halafu ikaendelea, kwenye logi yake nakuta "Power-on or device reset occurred" na storeji haijazimwa, nilikuwa nimesimama mbele yake. Nilijua A ikifuta kazi (amri iliyoituma kwenye diski) inafuta ya kwake tu. Msaada jamani, mnada uko karibu.

mikindani88: Mkuu ABORT TASK ndo inafuta amri moja tu, ya aliyeituma. Linux ikikaa sekunde 30 bila jibu inatuma hiyo, open-iscsi (programu ya iSCSI ya Linux) inasubiri sekunde 15, isipojibiwa inapanda kwenye LOGICAL UNIT RESET, na hiyo haichagui, inafagia kazi zote za LUN hiyo hata za B. Ile mesej ya B ni storeji inaipa taarifa kwamba imerisetiwa, sio umeme.

shangani_net: Asante sana. Sasa mbona B isiambiwe palepale, inakaa nusu dakika inasubiri nini?

masasi_fundi: Hapo angalia TAS kwenye storeji, ni mpangilio wa kama seva nyingine iambiwe amri zake zikifutwa. Ikiwa 0, amri za B zinafutwa kimyakimya, B haijui, inasubiri mpaka zile sekunde 30 zake ziishe ndo irudie, hesabu yako inaingia humo humo. Ikiwa 1 B inapewa TASK ABORTED mara moja. Kwa LIO (programu ya Linux ya kutoa diski za iSCSI) inaitwa emulate_tas. Na usije ukapeleka target cold reset (kuriseti storeji nzima) ukidhani unasaidia, ile inakata sesheni za wote, yaani miunganisho ya seva zote, warm inaziacha. RFC 7143 ya 2014, waraka rasmi wa iSCSI, imeeleza haya vizuri, isome taratibu.

mikindani88: Ila TAS inapunguza tu maumivu ya B, tafuta kwanza kwa nini storeji haijibu.

shangani_net: Nimekagua, TAS ni 0 kweli, na kuna diski ilibadilishwa juzi, RAID (kundi la diski za storeji) bado inajijenga, nadhani ndo inaichelewesha. Nimeweka TAS 1, na timeout ya A (muda wa kusubiri jibu) nimepandisha sekunde 60 kwenye /sys/block/sdb/device/timeout mpaka ijenge iishe. Tangu asubuhi B haijaganda tena. Mbarikiwe sana wakuu.