Naomba ushauri: Baba ana wake wawili, anataka kubatizwa

Wapendwa, habari zenu. Baba yangu, miaka 71, ana wake wawili: mama yangu na mama mdogo. Mwaka huu kampokea Yesu, anataka ubatizo. Mchungaji kasema amwache mama mdogo kwanza. Juzi nimemkuta mama mdogo anapepeta mchele kimya, na anayelia ni mama yangu!

Najua 1 Timotheo 3:2, mume wa mke mmoja, ila pale anatajwa askofu. Na Malaki 2:16 Mungu anachukia kuachana. Waanglikana kwenye mkutano wa Lambeth, 1988, walikubali mtu kama huyu abatizwe bila kulazimishwa kuacha wake, mradi aahidi kutooa tena. Sisi si Waanglikana, lakini. Nimwambie nini mzee?