Tela la maji nyuma ya Land Rover 110: ekseli ya 109, ya Hilux, au ya kutengeneza?

MzabibuMpunguzi

Mbukwenyi wakuu. Nina Land Rover Defender 110, yenye injini ya dizeli ya 300Tdi, ya miaka ya tisini, mzima kabisa ukiacha kelele zake mnazozijua. Shamba la zabibu liko Mpunguzi, na kiangazi kikishaanza maji ndiyo habari yote. Kukodi boza kila mara kunanimaliza. Nataka tela langu mwenyewe la kubeba tenki la lita 1000, lile la mchemraba lenye kizimba cha chuma, na siku nyingine samadi au nguzo. Chasisi nachomelea mwenyewe nyumbani, mashine ninayo.

Kinachonisumbua ni ekseli. Kwa muuza vyuma chakavu Kizota kuna ya nyuma ya Land Rover ya zamani, 109 Series III, imekamilika hadi ngoma za breki. Za Hilux ya zamani zimejaa kila gereji. Halafu kuna fundi anasema atanitengenezea ya bomba, na bei yake ndiyo ndogo kuliko zote. Ninyi mngechukua ipi? Tafadhali asije mtu kuniambia niuze Land Rover.

MkongaKondoa

Uza Land Rover, nunua Land Cruiser mkonga.

Haya, utani pembeni. Mimi nachukua ya Hilux bila kusita. Vikalio vya springi vimo tayari, beringi na oili sili unazipata hata maduka ya huku Kondoa, na ngoma zake zina breki ya mkono ya waya. Hilo la mwisho usilidharau. Kwenye Land Rover breki ya mkono inakamata propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli) pale nyuma ya gia boksi ndogo, haiko kwenye tairi. Ukiing'oa ekseli ukaiweka kwenye tela, breki ya mkono imebaki kwenye gari. Sasa tani nzima ya maji ukiiegesha kwenye mteremko, utakuwa unatembea na mawe ya kuwekea tairi?

FundiHabu

Mkonga kasema kweli kuhusu breki ya mkono, ila kuna jambo ameliruka. Kwenye Hilux ile, hafu shafti (chuma kinachozungusha tairi) ndiyo inayobeba tairi. Beringi iko huku nje, na ncha ya ndani imeshikwa na gia za diffu, lile bonge la gia katikati ya ekseli. Watu wanatoa diffu ili tela liwe jepesi, wanaziba tundu kwa bati, kumbe shafti imebaki inaning'inia upande mmoja. Beringi haichukui muda. Kwa hiyo ukienda na Hilux, lile bonge la diffu unaliacha mahali pake, unaweka oili, linazunguka bure maisha yake yote.

Land Rover sivyo. Tairi limekaa kwenye habu yenye beringi mbili, na kazi ya hafu shafti ni kuzungusha tu. Unafungua boliti, unaivuta nje, tairi halijui kama kuna kilichotoka. Hata mkonga wengi wako hivyo hivyo. Ukishaitoa, ziba mdomo wa habu uzibike kweli, na beringi zipakie grisi kwa mkono, maana ekseli za zamani beringi zilikuwa zinalainishwa na oili inayotoka kwenye diffu. Diffu ikikauka, nazo zinakauka. Vumbi la hapa mwezi wa nane mnalijua.

MzabibuMpunguzi

Asante fundi. Basi 109 inaongoza? Nilichokipenda ni kwamba ina boliti tano na mpangilio ni ule ule wa 110, kwa hiyo spea tairi moja inatosha gari na tela. Hilux ina boliti sita, nitalazimika kubeba spea mbili.

MzeeWaKongwa

Kijana, kabla hujalipia hiyo ekseli, nenda na futi. Mpangilio wa boliti ni mmoja, hapo umesema sawa, milimita 165.1. Lakini studi (boliti zinazofungia tairi) za Series za zamani zilikuwa za inchi, za Defender ni milimita 16. Rimu itaingia, nati haitaingia, na utaligundua hilo usiku pancha imeshatokea. Kubadilisha studi kunawezekana, ila hakikisha zote zimebadilishwa.

La pili ni kubwa zaidi. Ekseli ya 109 ni nyembamba. Gari lako lina milimita 1486 kutoka katikati ya tairi hadi katikati ya tairi. Series inapungua sentimita 15 hivi, pengine zaidi kidogo. Kwenye lami hutaona tofauti. Njoo masika kwenye udongo mweusi wa Bahi: gari limeshapasua njia yake, tairi za tela hazimo kwenye njia hiyo, kila moja inachimba ya kwake kwa ndani. Hapo huvuti tela, unavuta jembe. Waingereza walilijua hili, ndiyo maana tela zao za jeshi za Sankey zilitengenezwa ziende na Land Rover, na rimu zile zile.

Na msione haya kuunganisha vyuma. Hapa kwetu Kongwa, kwenye mradi wa karanga uliosimama 1951, matrekta mengine yalikuwa vifaru vya Sherman vya vita vilivyogeuzwa. Karanga hazikuota vya kutosha, lakini hilo si kosa la mafundi.

MkongaKondoa

Shikamoo mzee. Ila ukimnyima 109 kwa ajili ya upana, Hilux nayo haitalingana na 110. Basi abaki na nini?

MzeeWaKongwa

Marahaba. Atafute ya nyuma ya 110 yenyewe, zile za kabla ya 300Tdi zilizokuwa na ngoma. Upana ni wake, studi ni zake. Ubaya ni kwamba ni nzito, na ina mabano ya springi za koili, kwa hiyo akitaka springi za majani atakata na kuchomelea upya. Na kwa muuza chakavu hazipo kila siku.

BintiSpea

Samahani wakuu, mnabishana ekseli na hakuna aliyepiga hesabu ya uzito. Lita 1000 za maji ni kilo 1000, hakuna ujanja. Weka tenki, chasisi, ekseli, tairi tatu: umekaribia tani moja na nusu. Defender inaruhusiwa kuvuta kilo 750 tela likiwa halina breki zake. Likiwa na breki zinazojikamata gari linapopunguza mwendo, inaruhusiwa hadi 3500. Kwa hiyo ile ya bomba ya bei ndogo, yenye habu kavu bila ngoma, kwa kazi hii imeshatoka mashindanoni, hata kama bomba lina unene wa mguu wa tembo.

Nauza spea Majengo, na wanaokuja kuulizia habu za tela ni wengi. Anayeulizia silinda za breki za tela simkumbuki.

Punda_Hachoki

Mimi naona mnampa kazi mtu. Weka tenki la lita 500 nyuma ya gari, lifunge mikanda, nenda. Nusu tani kwa 110 si kitu. Hakuna tela, hakuna usajili wa TRA, hakuna trafiki kukuuliza taa za nyuma ziko wapi. Njia utakwenda mara mbili, basi.

MzabibuMpunguzi

Nimelifikiria. Njia mara mbili ni dizeli mara mbili, na tenki likikaa ndani samadi siipakii, abiria siwabebi. Tela nitalisajili, hilo halinipi shida. Ila nakubaliana na BintiSpea, breki sikuzitilia maanani.

FundiHabu

Basi sikia njia ya nne, ndiyo ningekutengenezea kama ungekuja kwangu. Kwenye Land Rover ile spindo inayobeba beringi imefungwa kwa boliti sita kwenye uso wa ekseli. Hujalazimika kununua ekseli nzima. Nunua spindo mbili, habu mbili, ngoma na sahani zake za breki, vyote vya 110. Peleka spindo kwa fundi wa lathe akuchongee nyuso mbili za chuma kinene zenye matundu sita yale yale. Kisha chukua bomba zito, likate kwa urefu utakaofanya tairi zilingane na za gari, na nyuso zichomelewe pande zote mbili. Hapo umepata upana wa 110, studi za 110, breki, na uzito wa diffu hujaubeba.

Kazi yote iko kwenye kuzinyoosha zile nyuso. Usichomelee duara zima kwa mara moja, chuma kitavutwa upande. Piga vidoa vinne vya kuchomelea, funga habu na tairi, halafu pima umbali kati ya tairi mbili kwa mbele na kwa nyuma, kwenye kimo cha katikati ya habu. Vipimo vikitofautiana, gonga, pima tena. Vikilingana ndipo unachomelea vipande vifupi, huku na huku kwa zamu. Ukishamaliza pima mara nyingine, kwa sababu chuma kikipoa kinahama. Na vikalio vya springi chomelea kabla ya kipimo cha mwisho, navyo vinavuta.

BintiSpea

Na springi asichukue za pikapu zenye majani yote. Tela likiwa tupu zitakuwa zinarusha tu, taa zinakatika, chasisi inapasuka kwenye kona. Apunguze jani moja au mawili baada ya kupima na mzigo.

Mpwapwa4x4

Huku kwetu kuna milima, kwa hiyo niongezee kwenye breki. Kichwa cha tela kinachoteleza kinasukuma masta silinda (pampu ya breki), oili ya breki inakwenda kwenye ngoma zote mbili. Kizuri ni kwamba gari likipunguza mwendo, tela linajifunga lenyewe. Kibaya ni kwamba ukirudi nyuma nako linajifunga, maana kichwa kinasukumwa vile vile. Weka pini ya kukizuia kisiteleze unaporudi nyuma, na pini hiyo ipake rangi nyekundu au ifunge kitambaa, kwa sababu ukiondoka ikiwa bado imo, huna breki za tela.

Breki ya mkono iliyokuwa inamsumbua Mkonga: fungia mnyororo wa usalama ukiwa njiani, na ukiegesha tumia kabari za mbao zilizochongwa sawasawa. Mawe yanateleza.

Maji nayo yana tabia yake. Tenki lililojaa limetulia, tupu limetulia, la nusu ndilo linalokutikisa ukifunga breki. Tenki la mchemraba halina vizuizi ndani. Mimi ningeweka matenki mawili ya lita 500. Ukihitaji nusu, unajaza moja lililo karibu na ekseli, la pili tupu. Uzito unaokaa kwenye kichwa uwe asilimia 5 hadi 10 ya tela zima, na usivuke kilo 150. Ukiwa mdogo, tela linaanza kuyumba mwendo ukiongezeka.

MkongaKondoa

Na radieta. Hiyo 300Tdi ina silinda hedi ya aluminiamu, ikichemka mara moja unaanza kununua gasketi. Mwezi wa tano na wa sita mbegu za nyasi zinajaa mbele ya radieta na intakula (ile inayopoza hewa ya injini), ukiwa na tela utaona sindano inapanda. Puliza kwa hewa kutoka upande wa injini kwenda mbele, usisukume uchafu ndani. Hili hata mwenye mkonga anakuambia kwa upendo.

MzabibuMpunguzi

Nimeelewa. Nakwenda na njia ya nne, matenki mawili. Swali la mwisho: kichwa kiwe cha mpira wa chuma wa milimita 50 au cha ndoano na pete kama za jeshi?

MzeeWaKongwa

Njia yako ni lami hadi Mpunguzi, kisha kipande cha vumbi. Weka cha mpira. Ndoano na pete inajipinda pande zote, inafaa korongoni na kwenye mbuga, lakini kwenye lami inagonga kila ukibadilisha gia, na vichwa vya breki za kusukumwa vilivyo rahisi kupatikana vimetengenezwa kwa mpira. Mkono wa tela uwe mrefu, mlango wa nyuma wa gari ufunguke wote bila kugusa tenki. Ukifika kilomita ishirini za kwanza simama, shika habu zote mbili kwa kiganja. Joto ni sawa. Ukishindwa kuacha kiganja hapo, beringi umezikaza mno.