Mjadala: Je, vyuo vikuu vya umma vya Marekani viendelee kutoa ardhi kwa ajili ya nyumba za fraterniti na sororiti?

Mleta mada (North Carolina)

Ndugu zangu, nimeona nilete swali hili kwa sababu wengi wetu tulioko Marekani tuna watoto waliofikia umri wa chuo, na kila ufikapo mwezi wa nane huzuka katika nyumba zetu mazungumzo kuhusu binti au kijana anayetaka kujiunga na mojawapo ya jumuiya zenye majina ya herufi za Kigiriki. Kwa asiyezifahamu, fraterniti ni jumuiya za wanafunzi wa kiume na sororiti ni za wanafunzi wa kike. Huchagua wanachama wake zenyewe, uanachama hauishii kwenye mahafali, na nyingi zina nyumba ambamo wanachama hulala, hula na kufanya vikao. Kongwe kati ya zilizopo hadi leo, Kappa Alpha Society, ilianzishwa mwaka 1825 katika Union College, jimboni New York, wakati vyuo vingi vilikuwa vidogo na maisha ya mwanafunzi yakisimamiwa kwa ukali.

Kwa miaka mingi nyumba hizo zilikuwa shauri la wahitimu wenyewe. Wahitimu huunda kampuni isiyo ya kibiashara, kampuni hiyo hushika hati ya nyumba, hukusanya kodi ya pango kutoka kwa wanafunzi, hulipa bima na kuezeka upya paa linapochakaa. Sina ugomvi na mpango huo. Ninachokihoji ni hatua iliyofuata, ambapo vyuo vya umma, vinavyoendeshwa kwa jina la wananchi wote wa jimbo, vimetenga mitaa mizima kwa ajili ya jumuiya hizi. University of South Carolina, mjini Columbia, kina kijiji kizima cha nyumba za aina hiyo kilichojengwa katika ardhi ya chuo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Huko Tuscaloosa, University of Alabama kimeshuhudia sororiti zikijenga majumba yenye nguzo ndefu za mbele ambayo gharama ya moja inaweza kupita dola milioni 10.

Msimamo wangu ni kwamba chuo cha umma hakipaswi kutoa ardhi wala kudhamini mkopo kwa ajili ya makazi ambayo wapangaji wake huchaguliwa na wapangaji wenzao, kwa kura ya siri, bila kulazimika kumweleza aliyekataliwa sababu yoyote. Alabama inatosha kuwa mfano. Mwaka 1963 gavana George Wallace alisimama mlangoni mwa jengo la chuo hicho kuwazuia wanafunzi wawili Weusi wasijiandikishe, na serikali kuu ikamwondoa pale. Mwaka 2013, nusu karne baadaye, gazeti la wanafunzi The Crimson White liliandika kwamba sororiti za Wazungu zilikuwa zimewakataa wasichana Weusi, na baadhi ya wanachama wenyewe walieleza kuwa wahitimu waliingilia kati kuzuia kura. Chuo kililazimika kufungua upya zoezi la kupokea wanachama. Kwa hiyo, kwa miaka 50, chuo kilichofunguliwa kwa nguvu ya sheria kilikuwa na ndani yake mtaa wa makazi ambao mlango wake wa mbele ulibaki karibu umefungwa kabisa kwa wanafunzi Weusi.

Najua sheria inaziruhusu kuchagua. Kifungu maarufu cha mwaka 1972 kinachopiga marufuku ubaguzi wa kijinsia vyuoni kilirekebishwa mwaka 1974 ili kuziacha nje fraterniti na sororiti katika suala la uanachama. Hata hivyo, ruhusa ya kuchagua wenzako haimlazimishi mtu mwingine akupe kiwanja.

Wapo waliokwisha kuijaribu njia nyingine. Williams College, katika Massachusetts, baada ya ripoti ya kamati yake ya mwaka 1962, kilianza kuchukua jukumu la malazi na chakula kwa wanafunzi wote, na fraterniti zikafifia hadi zikaondolewa. Bowdoin, huko Maine, kiliamua mwaka 1997 kuzifunga, kikazichukua nyumba kadhaa na kuzigeuza nyumba za chuo, na kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huunganishwa na mojawapo bila kupigiwa kura na yeyote. Hivyo ni vyuo binafsi na vidogo, nakubali, lakini vinaonyesha kwamba nyumba yenye udugu ndani yake inaweza kuwepo bila kamati ya kukataa watu.

Mchangiaji wa pili (Illinois)

Kaka mleta mada, umeandika vizuri, lakini umeizungumzia nyumba kwa kuitazama kutoka barabarani. Mimi nilikuja kutoka Eldoret nikiwa sina ndugu hata mmoja katika jimbo hili, na niliishi katika nyumba ya fraterniti. Ningependa msomaji aelewe kinachofanyika humo siku ya kawaida, siku isiyo na sherehe wala polisi.

Tulikuwa na mpishi aliyekuja Jumatatu hadi Ijumaa. Mwisho wa wiki jiko lilikuwa letu, na mtu aliyeacha sufuria chafu alisomwa jina lake katika kikao cha Jumapili jioni mbele ya wote. Mweka hazina alikuwa kijana wa miaka 20, na ndiye aliyepokea barua ya kampuni ya bima, ndiye aliyejua kwamba kitanda kikikaa wazi muhula mzima pengo la kodi linagawanywa kwa wanachama wote, na ndiye aliyekaa na wahitimu wenye mvi kujadili kama mtambo wa kupasha maji joto utamaliza majira ya baridi au ubadilishwe sasa. Sikuwahi kuona bweni la chuo linalomfundisha kijana mambo hayo. Bwenini bomba likipasuka unapiga simu, kisha unarudi kulala.

Wakati wa sikukuu ya Shukrani, mabweni yalipofungwa na wanafunzi wa kigeni wakahangaika kutafuta pa kukaa, mimi nilichukuliwa na wenzangu hadi kwao. Nani atanihesabia hilo katika mizani ya sera? Isitoshe, vyuo vya umma havina vitanda vya kutosha. Jumuiya inapojenga nyumba kwa fedha za michango ya wahitimu na kodi za wanachama wake, chuo kinapunguziwa mzigo, na ardhi inayotolewa kwa mkataba wa upangaji inabaki kuwa mali ya chuo.

Kuhusu Alabama sina la kutetea. Aibu ile iliwastahili walioitenda.

Mchangiaji wa tatu (Washington, D.C.)

Naomba kuingia hapa kama mama na kama mtu ninayeziheshimu sana jumuiya za Kigiriki za Wamarekani Weusi. Ndugu yetu wa Illinois anasema udugu hujengwa na nyumba. Historia ya mji huu ninaoishi inamjibu vingine. Sororiti ya Alpha Kappa Alpha ilianzishwa hapa katika Howard University, chuo cha kihistoria cha Wamarekani Weusi, mwaka 1908, Delta Sigma Theta ikafuata hapo hapo mwaka 1913, na miezi michache hata haikupita kabla wanachama wake hawajaandamana katika mji huu kudai haki ya wanawake kupiga kura. Kamala Harris aliingia Alpha Kappa Alpha akiwa mwanafunzi Howard. Jumuiya tisa za namna hiyo ziko katika baraza moja lililoundwa mwaka 1930, na katika vyuo vingi hazina nyumba kabisa, lakini mwanamke wa miaka 70 bado anavaa rangi zake na bado analipa ada yake.

Ukosefu huo wa nyumba haukutokea kwa bahati mbaya. Fraterniti ya Kappa Alpha Psi ilizaliwa Indiana University mwaka 1911 wakati mwanafunzi Mweusi hakuruhusiwa hata kulala katika mabweni ya chuo. Miaka ambayo wahitimu Wazungu walikuwa wakinunua viwanja karibu na vyuo kwa bei nafuu, babu za vijana hawa hawakuruhusiwa kununua katika mitaa hiyo, na katika vyuo vya Wazungu vya Kusini hawakuruhusiwa kusoma. Leo chuo kinapotangaza kijiji cha Kigiriki chenye masharti ya kwamba jumuiya ilete mtaji na iwe na wanachama wa kujaza vitanda, mwenye uwezo huo anajulikana kabla ya tangazo kubandikwa. Jumuiya zetu hupewa uwanja mdogo wenye nguzo au mawe yaliyochorwa nembo zao. Uwanja huo unapendeza kupigia picha siku ya mahafali, lakini hakuna anayelala kwenye jiwe. Vyuo vikiamua kuendelea kutoa ardhi, basi vianze na walionyimwa ardhi.

Lipo jambo la pili, na hili nalisema kwa wazazi wa mabinti. Sororiti zilizo katika baraza kuu la kitaifa haziruhusu pombe katika nyumba zao. Ni kanuni njema, na mara nyingi yupo matroni anayeishi humo na kujua nani ameingia. Ila matokeo yake ni kwamba sherehe zote huhamia nyumba za wavulana. Mvulana ndiye mwenye mlango, ndiye mwenye chumba cha juu, ndiye anayemimina kinywaji na ndiye anayeamua nani aingie na nani abaki nje. Chuo kinachopanga nyumba hizi kwa safu mbili zinazotazamana, kisha kikasema usalama wa wasichana ni kipaumbele chake, kimejenga kinyume cha maneno yake.

Mchangiaji wa nne (Colorado)

Dada wa Washington ameeleza kilichonigusa, ila namwomba yeye na mleta mada wafikirie kinachotokea chuo kikijitoa. Hapa Boulder, mwaka 2004, kijana wa mwaka wa kwanza, Gordie Bailey, alifariki baada ya kunyweshwa pombe kupita kiasi usiku wa kupokelewa kwake katika fraterniti. Mwaka uliofuata University of Colorado kilizitaka fraterniti zitie saini makubaliano, yakiwemo kuahirisha upokeaji wa wanafunzi wapya na kuweka msimamizi mtu mzima katika kila nyumba. Zilikataa. Zikajitenga na chuo, zikaunda baraza lake lenyewe katika mtaa wa Hill, na nyumba zikaendelea kujaa kama kawaida, kwa sababu zilikuwa katika viwanja visivyo vya chuo na chuo hakikuwa na mkataba wa kuvunja.

Majirani ndio wanaobaki nazo. Miji imejaribu kuzidhibiti kwa kanuni za matumizi ya ardhi, na tangu mwaka 1974, katika kesi ya kijiji cha Belle Terre, New York, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba mji unaweza kuweka ukomo wa idadi ya watu wasio na undugu wanaoishi nyumba moja. Wapangaji waliohusika walikuwa wanafunzi. Lakini kanuni hiyo inamwangukia pia mhamiaji anayechangia kodi na wenzake watano ili aweze kutuma fedha nyumbani, nami sitaki kuitegemea. Afadhali nyumba iwe katika ardhi ya chuo, ambapo mwenye ardhi ana kifungu cha kuwatoa.

Mleta mada

Nawashukuru wote. Hoja ya Boulder ndiyo nzito kuliko zote, hivyo nitaanza nayo.

Ni kweli kwamba mkataba wa upangaji unakipa chuo nguvu ya kuzidhibiti nyumba. Ila nguvu hiyo si ya pekee, na hapa nilipo nina ushahidi. Asubuhi ya tarehe 12 Mei 1996, siku ya mahafali ya University of North Carolina, ambayo pia ilikuwa Siku ya Mama, moto uliunguza nyumba ya Phi Gamma Delta huko Chapel Hill. Wanafunzi 5 walikufa. Wazazi walikuwa mjini kwa ajili ya sherehe. Nyumba haikuwa na vinyunyizio vya maji vya kuzimia moto. Kilichofuata ni mji kupitisha kanuni iliyozilazimisha nyumba zote za fraterniti na sororiti kufunga vinyunyizio hivyo, na kanuni hiyo haikuuliza ardhi ni ya nani. Sheria ya mji inafika hadi pale ambapo mkataba wa chuo haufiki.

Kwa upande mwingine, usimamizi wa ndani unaosifiwa haukumsaidia Timothy Piazza. Mwezi Februari 2017 aliingia katika nyumba ya Beta Theta Pi, karibu na majengo ya chuo kikuu cha Penn State, jimboni Pennsylvania, nyumba iliyokuwa imekarabatiwa kwa mamilioni ya dola, yenye kamera za usalama, iliyotangazwa kuwa haina pombe, na ambayo mshauri mtu mzima aliishi humo. Alinyweshwa, akaanguka ngazi, na karibu saa 12 zikapita kabla ya mtu kupiga simu ya msaada. Kamera zilirekodi sehemu kubwa ya hayo. Mabadiliko yaliyopatikana baadaye yalitoka nje ya nyumba: sheria ya Pennsylvania ya mwaka 2018 yenye jina lake, kisha sheria ya serikali kuu iliyotiwa saini mwezi Desemba 2024, inayovitaka vyuo vitangaze hadharani matukio ya kunyanyasa wanachama wapya na jumuiya zilizohusika.

Kwa hiyo ninapendekeza usalama tuudai kwa sheria zinazofika kila nyumba, iwe ya chuo au ya mtu binafsi, na ardhi ya umma tuiondoe katika biashara hii. Si kwa kubomoa. Mkataba wa kila nyumba unapoisha, nyumba ibaki kuwa makazi ya chuo, na kikundi chochote cha wanafunzi, kikiwemo cha jumuiya hizi, kiombe kuishi humo kwa mwaka mmoja mmoja kwa vigezo vilivyoandikwa na kusomwa na wote. Ndugu wa Illinois, mweka hazina wako wa miaka 20 na kikao cha Jumapili vinaweza kuishi katika mpango huo bila kupoteza chochote isipokuwa kura ya kukataa. Na dada wa Washington, katika mpango huo jumuiya isiyo na mtaji ingesimama kwenye foleni ile ile na yenye mtaji.

Linalobaki gumu ni madeni. Jumuiya iliyokopa kujenga juu ya ardhi ya chuo italipwaje mkataba ukiisha kabla ya mkopo, na je, gharama hiyo iangukie karo za wanafunzi ambao hawakuwahi kukaribishwa katika nyumba hizo? Mwenye uzoefu wa kusoma au kuandaa mikataba ya namna hii, katika jimbo lolote, naomba atueleze jinsi kifungu cha kuvunja mkataba kinavyoandikwa na nani hubeba salio la mkopo.