Kikundi cha "Wajukuu wa Bibi Lushoto": Rehema aende wapi?

Mama Rehema: Assalaam alaykum ndugu zangu. Matokeo ya kidato cha nne yametoka. Rehema kapata divisheni three, pointi 23. Tumshukuru Mungu.

Mjomba Hamisi: Waalaykum salaam. Alhamdulillah! Hongera sana mjomba wangu. Hebu weka masomo tuyaone.

Mama Rehema: Kiswahili B. Historia, Jiografia na Baiolojia C. Hisabati, Fizikia, Kemia, Kiingereza na Uraia D.

Mama Mdogo Asha: Hongera mwanangu 🎉🎉

Baba Rehema: Asanteni. Mimi na mama yake tumeshakaa tukaongea. Kidato cha tano asome tahasusi ya HGK, halafu ualimu au sheria. Historia C, Jiografia C, Kiswahili B. Sioni pa kubishania.

Idd (Dodoma): Shikamoo baba mdogo. Mwenyewe kasemaje?

Baba Rehema: Marahaba. Anasema "nyie mkiona sawa".

Idd (Dodoma): Hiyo si ndiyo, baba mdogo. Hiyo ni adabu.

Mjomba Salehe: 😂😂 Idd bwana

Rehema: Shikamooni wote. Mimi kwa kweli sijui nina kipaji gani. Nilijaza ile kwizi ya kaka Idd ya kujua tabia na uwezo wako. Mara ya kwanza ikasema mimi ni Mtetezi. Jana nimerudia, imesema Mburudishaji.

Mjomba Salehe: Rudia na kesho, huenda ukatoka Nabii.

Mama Mkubwa Zaina: Marahaba mwanangu, hongera. Nimefundisha mpaka nikastaafu, niacheni niseme kidogo. Kwizi za kwenye simu zinakuuliza wewe kuhusu wewe. "Je, unapenda kuongoza wenzako?" Sasa mtoto aliyetoka kugombana na wenzake jioni hiyo atajibu hapana. Aliyetoka kusifiwa atajibu ndiyo. Unajiuliza mwenyewe, unajijibu mwenyewe, kisha unasubiri simu ikushangaze.

Idd (Dodoma): Shikamoo mama. Lakini si zote ni za kubahatisha. Tumesoma habari za Howard Gardner wa Marekani. Mwaka 1983 alisema akili si moja, akataja aina saba: ya lugha, ya hesabu, ya muziki, ya mwili, ya kuona maumbo na nafasi, ya kuelewa watu, ya kujielewa mwenyewe. Baadaye akaongeza ya nane, ya kuelewa viumbe na mazingira. Huenda Rehema yuko kwenye aina ambayo mtihani hauigusi.

Mama Mkubwa Zaina: Marahaba. Gardner tulifundishwa hata sisi kwenye semina. Wanasaikolojia wengi hawakukubaliana naye, wanasema ushahidi ni haba kwamba hizo ni akili nane zinazojitegemea. Kwa mwalimu inasaidia jambo moja tu: usimwandike mtoto mjinga kwa sababu ya Hisabati. Ila ukishamwambia "wewe ni akili ya aina ya tano" umemsaidia nini? Bado yuko palepale.

Mjomba Hamisi: Mimi naona jibu liko hapo juu. Kiswahili B. Mtoto ana kipaji cha lugha.

Rehema: Mjomba Kiswahili nilikariri tu 🙈 Usiku wa kuamkia mtihani nilikuwa nasoma vitabu vya fasihi huku nasinzia.

Mjomba Salehe: Haya, mashahidi wa upande wa HGK wameanza kuanguka.

Mama Mdogo Asha: Samahanini nakatiza. Nani kaondoka na sufuria langu kubwa siku ya hitma? Lina alama ya rangi nyekundu kwenye mkono.

Mjomba Hamisi: Asha, tupo kwenye mambo ya mtoto.

Mama Mdogo Asha: Na mimi nipo kwenye mambo ya sufuria. Endeleeni.

Mama Rehema: Subirini, mama anataka kuongea. Anarekodi.

Mama Rehema: 🎤 Ujumbe wa sauti (2:41)

Idd (Dodoma): Niko darasani siwezi kusikiliza. Mwenye nafasi aandike tafadhali.

Mama Rehema: Nawaandikia alivyosema. "Nyinyi mnahangaika na herufi. Cherehani yangu ilikuwa inaruka mishono tangu Ramadhani. Fundi wa sokoni kaja, kakaza uzi wa juu, kachukua hela yake. Ikaruka. Kaja tena, kasema mashine imechoka, ninunue nyingine. Rehema kaja likizo, hata bisibisi hakushika. Kakaa kwenye kigoda, akawa anazungusha gurudumu kwa mkono polepole, kainamisha sikio. Nikamuuliza unasikiliza nini, redio? Akasema bibi, sindano inapita kabla ile ncha ya chini haijadaka uzi. Akalegeza kile kiskrubu, akaisukuma sindano juu mpaka ikagota, akageuza ule upande wake bapa, akakaza. Nimeshona mashuka mawili siku hiyo hiyo. Sasa mnaniambia mtoto hajui kipaji chake?"

Mjomba Salehe: 👏👏👏 Mama kaua.

Baba Rehema: Hilo sikuambiwa.

Rehema: Baba si kitu kikubwa. Sindano ilikuwa haijaingia mpaka mwisho na imekaa kinyume, ndiyo maana. Mtu yeyote angeona.

Mama Mkubwa Zaina: Rehema, soma tena ulichoandika. "Mtu yeyote angeona." Fundi kaja mara mbili hakuona. Bibi yako kashona miaka na miaka hakuona. Kitu kikikujia bila jasho unadhani wote kinawajia hivyo hivyo, kwa hiyo hukihesabu. Unahesabu kile kilichokutesa, kama Kiswahili ulichokariri, kwa sababu kile unakumbuka ulivyokipigania. Darasani nilikuwa siwaulizi wanafunzi "una kipaji gani", wangeniangalia tu. Nilikuwa nauliza: wenzako wanakujia kwa shida gani? Na kitu gani unashangaa wengine wanakishindwa?

Idd (Dodoma): Rehema jibu hilo la kwanza. Bwenini walikuwa wanakujia kwa nini?

Rehema: Mmh. Pasi ikigoma. Zipu za mabegi. Makufuli. Redio ya matroni. Mara moja pampu ya maji, ila ile sikuiweza, nilijua tu tatizo haliko kwenye mota maana mlio wake ulikuwa sawa. Fundi alipokuja akakuta bomba la kuvuta maji limepasuka, linaingiza hewa.

Mjomba Salehe: Huyo ni fundi mzaliwa. Mimi nilihitaji kupigwa spana za kichwa na bosi wangu ndipo nikajua kusikiliza injini kabla ya kuifungua. Vijana wengi wakifika gereji wanaanza kufungua. Wanafungua mpaka skrubu zinabaki mkononi hawajui zimetoka wapi.

Mjomba Hamisi: Ila Salehe, tusiruke. Fizikia kapata D. Unampelekaje kwenye mitambo mtoto mwenye D ya Fizikia?

Baba Rehema: Asante sana shemeji. Ndiyo hoja yangu. Na tuseme ukweli, binti kwenye gereji, katikati ya wanaume, mafuta mpaka kwenye viwiko? Nani atamheshimu? Kipaji hakilipi ada.

Mama Rehema: Baba Rehema, nani kasema gereji? Cherehani si gereji.

Mama Mkubwa Zaina: Hoja ya Fizikia ni ya kweli na mimi siipuuzi. Kusikia mashine ni jambo moja, kukokotoa ni jambo jingine, na stashahada ya ufundi ina hesabu za kutosha. Mtu asimdanganye kwamba akishakuwa na mkono mwepesi basi hesabu zitajipanga zenyewe. Lakini nina swali kwa Rehema. Shuleni kwenu Fizikia mlifundishwa maabara au ubaoni?

Rehema: Ubaoni mama mkubwa. Maabara tuliingia kidato cha nne karibu na mtihani wa vitendo. Tukakariri hatua.

Mama Mkubwa Zaina: Basi ile D inapima na shule pia.

Niwakumbushe wa kwetu Lushoto. Mwaka 1963, Magamba sekondari, kijana wa kidato cha tatu anaitwa Erasto Mpemba. Walikuwa wanatengeneza aiskrimu, wanachemsha maziwa na sukari, wanasubiri yapoe, ndipo waweke kwenye friza. Nafasi kwenye friza ilikuwa ya kugombania, yeye akaingiza yake yakiwa bado moto. Yake yakatangulia kuganda. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa umechanganyikiwa. Akaendelea kuuliza, ikawa utani darasani, "hiyo ni fizikia ya Mpemba". Baadaye akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, akaja mhadhiri kutoka Chuo Kikuu Dar es Salaam, Denis Osborne. Mpemba akanyanyuka akauliza swali lile lile, wenzake wakacheka. Osborne hakucheka, akarudi Dar akaomba lijaribiwe maabara. Mwaka 1969 wakaandika makala pamoja. Mpaka leo wanasayansi wanabishana kama jambo lile hutokea kweli na kwa sababu gani, na jina lake ndilo linatajwa dunia nzima.

Mjomba Salehe: Na akaja kuwa profesa wa fizikia?

Mama Mkubwa Zaina: Hapana, na hapo ndipo ninapopapenda. Alikwenda Chuo cha Wanyamapori Mweka, akafanya kazi ya maliasili. Kipaji chake hakikuwa "fizikia". Kilikuwa jicho la kuona jambo ambalo wengine wamelipita, na ubishi wa kutolinyamazia. Jicho hilo unaliingiza friza, unaliingiza porini. Nyinyi mnatafuta jina la kazi kwenye kipaji cha mtoto. Rehema kipaji chake si cherehani. Ni kutulia mbele ya kitu kilichoharibika mpaka ajue kinachokosekana. Hicho daktari anakihitaji, mhasibu anakihitaji, fundi anakihitaji.

Mjomba Hamisi: Sawa dada, umeongea. Sasa kiutendaji? Maana mfumo wa TAMISEMI wa kubadili machaguo ya shule na vyuo hautusubiri sisi tumalize falsafa.

Idd (Dodoma): Kwenye fomu kuna tahasusi za kidato cha tano na kuna vyuo. Tahasusi zenyewe si zile za zamani tu, mwaka 2024 ziliongezwa nyingi zikafika 65, zipo mpaka za sanaa na michezo. Ila si kila shule inazo zote. Upande wa vyuo kuna DIT, ile taasisi ya teknolojia ya Dar, na Chuo cha Ufundi Arusha. Sifa za kila kozi ziko kwenye mwongozo wa NACTVET, lile baraza la elimu ya ufundi, asome mstari kwa mstari asiambiwe na mtu wa steshenari.

Mjomba Salehe: Na VETA Tanga, chuo cha ufundi stadi, ipo, msiisahau kwa sababu ya ufahari. Mimi ufundi niliupatia mtaani, VETA wakaja kunipima kazi wakanirasimisha nikapata cheti. Kabla ya hapo nilikuwa "yule kijana wa pikipiki". Sasa hivi napata kazi za halmashauri.

Baba Rehema: Salehe, hongera, hilo nalijua. Lakini mimi ni baba. Nikikosea hapa ni maisha yake.

Mama Mkubwa Zaina: Shemeji, hofu yako ina haki. Ndiyo maana sisemi tuamue leo kwa hadithi ya sindano moja. Mpeni kazi ya kweli tuone. Akienda mahali pa mashine, siku za mwanzo kila kitu kinapendeza. Tuangalie ikishakuwa kazi ile ile, chafu, inayojirudia, mteja anafoka. Akirudi nyumbani bado anaongea habari za ile mashine, tutakuwa tumejua kitu. Akianza kutafuta udhuru wa kutokwenda, tutakuwa tumejua pia, na HGK haijakimbia.

Mjomba Salehe: Jirani yangu Korogwe ana karakana ya kushona sare za shule, mashine za umeme kama kumi hivi. Kila siku moja imelala. Naongea naye leo. Mafundi wake wengi ni akina mama, baba Rehema, kwa hiyo ile hofu ya wanaume ondoa.

Mama Rehema: Atalala wapi?

Mama Mkubwa Zaina: Kwangu. Usiku tutapiga hesabu, na za kipimo na za kukokotoa. D ya Hisabati siiachi ilale ndani ya nyumba yangu.

Rehema: 😭 Mama mkubwa

Mama Mkubwa Zaina: Usinililie. Njoo na daftari la mistari mikubwa. Kila mashine utakayoiona, andika: ililalamikaje, wewe ulidhani nini, ikaja kuwa nini. Na pale ulipokosea uandike.

Bibi (simu ya Mama Rehema): Na sindano za akiba aniletee.

Mjomba Hamisi: 😂 Rehema, namba yako ya mtihani nitumie pembeni, usiiweke hapa. Nataka tuingie wote kwenye mfumo tuone mpangilio wa machaguo ulivyo sasa.

Rehema: Sawa mjomba. Baba, unasemaje?

Baba Rehema: Nauli ya Korogwe nitatoa. Chuo cha ufundi weka namba moja kama sifa zinakubali. HGK iwe namba mbili, na isitoke hapo.

Rehema: Sawa baba. Namba mbili.

Mama Mdogo Asha: Mmemaliza? Sufuria.