Tupeane uzoefu: muvi za HD kwenye CD (Blu-ray) zilifika kweli nyumbani kwako?

Mzee wa Deki (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam.

Juzi nilikuwa napanga upya kabati la CD (naziita zote CD, msinisahihishe), nikahesabu Blu-ray thelathini na moja. Tisa kati ya hizo bado zina nailoni yake, sijawahi hata kuzifungua. Nikabaki najiuliza: hivi hiki kitu kilinifikia kweli, au nilikipokea mlangoni nikakisindikiza kabatini?

Kwa wasiokumbuka: DVD picha yake ni pikseli 720 kwa 480, au 720 kwa 576 kutegemea mfumo wa TV. Blu-ray ikaingia sokoni 2006 na pikseli 1920 kwa 1080. Ukizidisha ni mara sita ya ile ya 480. Siri yake iko kwenye mwanga. DVD inasomwa na leza nyekundu ya nanomita 650, Blu-ray inasomwa na leza ya bluu-zambarau ya nanomita 405. Mawimbi yakiwa mafupi nukta ya mwanga inakuwa ndogo, na nukta ikiwa ndogo data inabanana zaidi. Ndiyo maana CD ya ukubwa uleule iliyokuwa inabeba GB 4.7 kwa tabaka moja ikaanza kubeba 25, na kwa tabaka mbili 50.

Hayo ni ya kiwandani. Kwangu mimi nilinunua deki kabla ya TV. Miezi minane nimetazama Blu-ray kwenye TV ya kichogo! Wageni wakija naisifia, "mnaona picha inavyokata?", nao kwa adabu zao wanaitikia.

Nahisi CD ilifika mapema ila nyumba zetu zilichelewa. Sasa nataka visa vyenu wenyewe, si vilivyoandikwa kwenye boksi. Ilifika lini kwako, ilikwama wapi, bado unaitumia? Mliohama nanyi semeni. Karibuni.

Kichwa Kigumu

Mimi ndiye yule mtu aliyenunua HD DVD, ile CD iliyoshindana na Blu-ray. Chekeni, nimeshazoea.

Nilipiga hesabu zangu vizuri tu. Zote mbili zinatumia leza ya bluu, zote zinatoa 1080, na deki za HD DVD zilikuwa na bei nafuu kuliko za Blu-ray. Kubeba ilibeba kidogo, GB 15 kwa tabaka, lakini muvi inaenea, nikasema shida iko wapi? Nikanunua deki na muvi kumi na mbili. Mwanzoni mwa Januari 2008 Warner, wale watengeneza muvi, wakatangaza wanabaki na Blu-ray peke yake, na tarehe 19 Februari Toshiba wakasema wanaachana na HD DVD. Hata wiki saba hazikufika. Mimi nilikuwa nimemaliza kumpigia shemeji mahubiri kwamba yeye ndiye kapotea njia.

Deki bado ninayo. Inacheza DVD vizuri ajabu, DVD zangu hazijawahi kupendeza vile. Muvi kumi na mbili zimebaki kumi. Mbili ziligoma zenyewe bila mchubuko hata mmoja, ukiinua kwenye taa unaona doa la kahawia kwa ndani. Zinaoza kama embe, kutoka kokwani.

Mama Pacha

Kwetu haikuingia kama Blu-ray, iliingia kama gemu ya watoto. PlayStation 3. Tulikaa nayo karibu mwaka mzima hakuna aliyejua inacheza muvi za HD. Mdogo wangu akaja wikiendi moja na CD yenye kasha la bluu, anaulizia deki. Namwambia deki yetu ni ya DVD tu. Akaangalia chini ya TV, akacheka, akaisukuma mlemle kwenye gemu.

Tangu siku hiyo wanangu na baba yao wanagombania rimoti. Tatizo lake feni. Muvi ikifika mahali watu wananong'ona, mnachosikia ni gari linapanda mlima.

Kobe Mpole

Nami niseme ukweli wangu hata kama mtanirushia mawe. Sioni tofauti. Deki ya Blu-ray ninayo mwaka wa tatu, TV yangu ni Full HD, nikiweka DVD na Blu-ray ya muvi ileile naona mamoja. Naona ni biashara ya maneno.

Fundi Waya

Mkuu Kobe, kabla hatujabishana: hiyo deki umeiunganisha kwa waya gani?

Kobe Mpole

Ule wa vichwa vitatu, mwekundu, mweupe na wa njano. Nilikuwa nao kutoka kwenye deki ya zamani.

Fundi Waya

Nilijua.

Mkuu, miaka mitatu umekuwa unaangalia DVD kwa bei ya Blu-ray. Ule waya wa njano unabeba picha nzima, rangi na mwanga vimechanganywa pamoja, na HD haipiti humo hata ufanye nini. Usije ukakimbilia ule wa vichwa vitano nao. Deki zilizotengenezwa baada ya 2010 zimefungwa kwa mkataba na wenye kufuli la Blu-ray: kwenye njia ya analojia zitoe picha ya kawaida tu, kwa hofu ya watu kurekodi. HD inapita HDMI, ule waya mmoja wa kidijitali wa picha na sauti, maana humo ndimo kufuli lao linafanya kazi. Tafuta HDMI. Yoyote ile, usidanganywe na yenye maji ya dhahabu.

Na wala hauko peke yako. Kazi yangu ni kufunga TV na sabufa majumbani, na naweza kusema nusu ya Blu-ray ninazozikuta hazijawahi kuonyesha HD. Kuna mama mmoja aliniita nimwekee spika. Kioo inchi 55, HDMI iko pale pale, picha imepooza. Nikaingia kwenye setingi za deki: 576. Imekaa hivyo tangu ilipotoka kwenye boksi, aliyeifunga aliruka ule ukurasa. Nikabadilisha kuwa 1080, nikaweka na picha 24 kwa sekunde kama muvi zinavyopigwa, ili kamera ikigeuka picha isiruke ruke. Muvi ilikuwa imesimama kwenye uso wa kijana mmoja. Yule mama akainuka kwenye kochi, akasogea mpaka kwenye kioo, akaweka kidole kifuani kwa yule kijana. Akasema, "Kumbe sweta imefumwa kwa mkono." Muvi hiyo alikuwa ameshaiona mara nne.

Sauti nayo ni hivyo hivyo. Watu wanapeleka sauti kwa ule waya wa mwanga, halafu wanasifia Dolby TrueHD au DTS-HD iliyoandikwa kwenye kasha. Haipiti humo. Deki inawapa ile iliyobanwa na inakaa kimya, haikuambii.

Kichwa Kigumu

"Inakaa kimya, haikuambii." Fundi, hapo umenigusa ndoa yangu.

Shangazi Sinema

Mimi nawajibu wale wanaorudisha CD wakidai ni feki kwa sababu "ina chenga". Wanangu, zile si chenga za antena. Muvi za zamani zilipigwa kwa filamu yenyewe, milimita 35, na filamu imeundwa kwa punje. DVD haikuwa na uwezo wa kuonyesha punje hizo, ilizivuruga ikatengeneza kama ukungu. Blu-ray inaonyesha. Mkiona punje zinacheza cheza ukutani nyuma ya mwigizaji, mjue hapo mnaona filamu.

Mbaya ni kinyume chake. Kuna matoleo waliyapitishia programu ya kufuta punje, ikafuta na ngozi. Mtu ana miaka sitini uso unateleza kama mdoli wa nta. Ninayo moja hivyo na sijawahi kuimaliza, naona kama namtazama maiti aliyepambwa.

Halafu TV zenu zina ile kitu ya kulainisha mwendo. Muvi ya mamilioni inageuka tamthilia ya mchana.

Mpita Njia

Ndugu yangu wa Uingereza alinitumia muvi sita. Kanda B, yaani zimefungwa zichezwe na deki za upande ule wa dunia. Deki yangu ilinunuliwa Marekani, kanda A. Ninazo sahani sita nzuri za kuwekea vikombe.

Fundi Waya

Pole mkuu. Kabla hujaweka vikombe zijaribu zote, kuna muvi nyingi tu ambazo kampuni hazikufunga kanda ingawa kwenye kasha imeandikwa B. Na zile za 4K, zenye picha kali kuliko 1080, hazina kanda kabisa.

Mpita Njia

Nimejaribu. Mbili zimecheza. Ubarikiwe sana.

Kifundo

Kisa changu kifupi ila kilinitia aibu. Nimealika familia nzima, muvi mpya, taa nimezima. Deki inasoma, inasoma, inaniletea maandishi: programu ya deki ni ya zamani, sasisha kwanza. Kumbe funguo za kufuli la hizi CD zinabadilishwa kila baada ya muda, deki isiyo na funguo mpya haifungui muvi mpya. Nikatafuta flashi, nikashusha faili kwenye laptopu, nikachomeka. Dakika ishirini na tano. Bibi yangu yupo kwenye kiti anauliza, "Yaani siku hizi na CD nayo inataka intaneti?"

Sikuwa na jibu na mpaka leo sina.

Bando Kwanza

Mnajitesa. Bibi kasema kweli. Kama yote yanaishia kwenye intaneti, si bora muvi yenyewe ije kwa intaneti? Nina 4K kwenye simu, kwenye TV, kwenye laptopu. Sina kabati, sina nailoni tisa.

Fundi Waya

Sikatai, hata mimi natumia. Ila tusifananishe kwa jina tu. Netflix wanapendekeza intaneti ya megabiti 15 kwa sekunde kwa 4K. Blu-ray ya kawaida, hii ya 1080, picha peke yake inaruhusiwa kufika megabiti 40. Ya 4K inafika 128 picha na sauti pamoja. Weka muvi yenye usiku mwingi, moshi au maji. Kwenye intaneti anga jeusi linakatika ngazi ngazi. Mchana huoni, nakubali.

Shangazi Sinema

Mwanangu Bando, mie nilikuwa sehemu ya sita ya tamthilia yenye sehemu kumi. Nikaenda kulala. Kurudi kesho yake haimo, wamemaliza mkataba nayo. Sijui aliyemuua yule daktari ni nani na ni miaka mitatu sasa. Yeyote anayejua ANYAMAZE, naitafuta kwenye CD.

Bando Kwanza

Hapo shangazi umenipiga. Ila mimi nikiangalia mara moja nimemaliza, ikiondoka iende.

Kifundo

Ni mkewe.

Shangazi Sinema

KIFUNDO!

Draivu Moja

Wa kompyuta hamjatukumbuka. Nilinunua draivu ya kuchezea Blu-ray za 4K kwenye kompyuta, ikafanya kazi vizuri. Nikabadilisha kompyuta nikapata mpya, yenye nguvu mara tatu, ikagoma. Prosesa mpya imeondolewa kile kipengele cha usalama ambacho kufuli la 4K linakitegemea. Kompyuta kuukuu nimeirudisha mezani, kazi yake ni muvi tu.

Mzee wa Deki

Nimewasoma wote, na nimecheka peke yangu kama mwehu.

Bando, hoja yako naiheshimu, na naona na watengenezaji wamekusikia. 4K kwenye CD ilikuja 2016, pikseli 3840 kwa 2160, CD za GB 66 na 100, hicho ndicho kitu bora kuliko vyote tulivyowahi kuwekewa mkononi. Oppo wakaacha deki 2018, Samsung mwaka uliofuata. Netflix wenyewe, walioanza kwa kutuma DVD kwa posta, walifunga hiyo huduma Septemba 2023. Yaani mgeni amefika akiwa amevaa vizuri kabisa, anakuta watu wanafunga milango.

Lakini Fundi kanitia wasiwasi. Nimeshuka chini ya meza nikaangalia. HDMI ipo, sawa. Setingi ilikuwa 720. Tangu lini sijui! Nimeirekebisha, nimeichana nailoni moja, leo hii naanza upya na zile nyingine zote.

Mama Pacha

Mzee wa Deki na jina lote hilo!

Mzee wa Deki

Naomba msamaha kwa umma.

Kobe Mpole

Wakuu nimerudi. HDMI nimepata, nimechomeka, TV imekuwa nyeusi tii. Sauti hakuna, picha hakuna. Bora njano yangu.

Fundi Waya

Umechomeka tundu namba ngapi nyuma ya TV?

Kobe Mpole

Pameandikwa 2.

Fundi Waya

Shika rimoti ya TV, si ya deki. Kuna kitufe cha kuchagua chanzo. Toka AV nenda HDMI 2. Subiri kidogo, huwa zinasalimiana kwanza.

Kobe Mpole

Imekuja.

Fundi Waya

Ehe?

Kobe Mpole

Ngoja kwanza, mkuu. Nitaandika baadaye.