Msaada wakuu: nimsome Christian Bale au Tom Hardy?

Kijana wa Tabata: Wakuu, heshima zenu. Nina usaili wa tamthilia, uhusika wa mfungwa. Kati ya waigizaji hawa wa Hollywood, Bale na Hardy, nani anavaa uhusika kwa mwili mzima? Usiku silali. Nawasilisha.

Mzee wa Kijiwe: Wote watoto hao. Forest Whitaker alijifunza Kiswahili ili awe Idi Amin, 2007 akabeba Oscar. Sisi tumezaliwa nacho, kamera ikiwashwa tunaongea kama tunasoma risiti.

Tizi Daima: Mwili ndio kila kitu. Mimi nilikuwa baunsa Sinza, nikisimama tu mlangoni walevi wanaomba radhi. Siku moja akaja shemeji yangu na mtu ambaye si kaka yangu... nitarudi.

Bi Hapsa: Mdogo wangu, kwa nini hulali? Mkataba umesaini?

Kijana wa Tabata: Mkataba bado dada, hata tarehe ya usaili hawajasema.

Bi Hapsa: Na? Malizia.

Kijana wa Tabata: Nimeshaanza kukonda. Nakula mara moja kwa siku. Na kibarua nimeacha. Msinirukie, Bale alikata takriban kilo 28 kwa ajili ya The Machinist (2004), mwaka uliofuata akawa Batman kajaa misuli!

Bi Hapsa: Bale alikuwa na kazi mkononi! Wewe una njaa tu. Halafu kukonda si kuigiza. Tazama Locke (2013): Hardy kakaa kwenye usukani karibu filamu nzima, anaongea na simu, mafua yamembana kweli, na bado huwezi kumwondolea jicho. Lupita Nyong'o kwenye Us (2019) kacheza watu wawili, mwili uleule. Kabadili mwendo, shingo na ile sauti ya kukwaruza, nikamwogopa mmoja na kumhurumia mwenzake. Kwenye usaili watakupa kipande kifupi usome. Mbavu zako nani atazihesabu?

Kijana wa Tabata: Nimekuelewa dada, ila mfungwa mwenye mashavu nani atamwamini? Kesho naongeza kukimbia.

Mtumishi: Mama yako anajua umeacha kazi? Vijana mnaabudu sinema.

Tizi Daima: Mashavu yapo hata gerezani. Nina binamu huko, kanenepa.

Chumvi Kiasi: Wakuu, hii ni chai. Nimepitia nyuzi zake. Machi alikuwa nahodha wa boti Zanzibar, mke mjamzito. Leo mfungwa wa Tabata.

Kijana wa Tabata: Ule niliandika kwa niaba ya rafiki.

Chumvi Kiasi: Rafiki naye kaacha kazi?

Bi Hapsa: Chai au si chai, kama ni kweli leo ule ushibe, na kesho urudi kibaruani kabla hawajapata mwingine.

Mzee wa Kijiwe: Hiyo Locke ipo iliyotafsiriwa? Mtu mmoja garini, mtafsiri wetu ataongeza maneno hadi gari lipate konda.